Waja leo, waondoka leo: ufunguo wa chumba umpe nani?

Wenye nyumba wapya wa Tanga wanamwogopa mpangaji mwenye madeni. Makala haya yanaeleza namna ya kumpima kabla ya kumkabidhi chumba, na kwa nini kodi ya mwaka mzima si kinga kama wengi wanavyodhani.

KWA miaka 24 kiongozi wa umma nchini alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka sharti hilo bila kificho. Mwaka 1971 Serikali ikasonga mbele zaidi, ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia Sh100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Maghorofa ya katikati ya Tanga, yaliyojengwa enzi mkonge ukiitwa dhahabu ya kijani, yalikuwemo. Masharti kwa viongozi yalikuja kulegezwa Februari 1991, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM kilichofanyika Zanzibar.

Kwa familia nyingi za watumishi wa umma, basi, kupangisha ni kazi changa. Hawakuirithi kwa wazazi wala hawakufundishwa na mtu. Mstaafu amechukua kiinua mgongo chake akainua vyumba vinne Kange. Muuguzi amekopa kwenye Saccos akamalizia nyumba Mikanjuni. Kijana aliyeko Muscat anatuma fedha, dada yake anasimamia mafundi Pongwe. Wote hawa wanaijua bei ya saruji na nondo kwa shilingi na senti. Wasichokijua ni namna ya kumpima mtu atakayelala chini ya bati lao.

Na watu wanakuja. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wakazi 273,332 katika Jiji la Tanga. Ile ya 2022 ikawakuta karibu 393,000. Bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13 na gati kuboreshwa kwa gharama ya Sh429.1 bilioni, hivyo meli kubwa zinafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na kushusha mizigo kwenye matishari. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Kazi za namna hiyo huleta madereva, mafundi, mama lishe, mawakala wa forodha na vibarua, na kila mmoja anahitaji pa kuweka kitanda.

Waja leo, waondoka leo, ndivyo Tanga inavyojisifu. Kwa mwenye nyumba mpya sifa hiyo inatisha. Itakuwaje aliyekuja leo akiondoka leo na kodi ya miezi mitatu?

Zamani mwenye nyumba alipima kwa macho

Ukiingia barabara za Ngamiani, zile zinazoitwa kwa namba, utaziona nyumba ambazo kwa miongo mingi zimekuwa shule ya upangishaji. Korido ndefu katikati, vyumba pande mbili, uani wa pamoja wenye jiko na choo. Mwenye nyumba mwenyewe huishi chumba cha mbele, na jioni hukaa barazani. Hana haja ya fomu. Anajua nani karudi kazini saa ngapi, nani kapika wali na nani kalala na chai kavu, nani kafuatwa na mdai mlangoni. Kodi ikichelewa, sababu anaifahamu kabla hajaambiwa.

Mwenye nyumba wa leo hakai humo. Amejenga Kange naye anaishi Raskazone, Korogwe au Dar es Salaam. Macho yake ni dalali, na dalali hulipwa akishapata mpangaji. Mpangaji akilipa au asipolipa baadaye, yeye yumo mtaa wa pili akionyesha chumba kingine. Kwa kuwa haoni, mwenye nyumba huyu ametafuta kitu cha kufidia macho yake, nacho ni fedha nyingi za mbele: miezi sita, wakati mwingine mwaka.

Sasa mfikirie mpangaji anayekuja kwake. Kijana nadhifu, anaongea kwa adabu, ana fedha ya miezi miwili mkononi na anaomba iliyobaki ailipe taratibu. Dalali anamvuta mama mwenye nyumba pembeni: "Mama, huyu usimpe. Ana mikopo huyu, hata simu yake haipokei." Ampe, asimpe?

Jibu la haraka ni kumkataa. Lakini ukiwakataa wote wenye deni, utabaki na chumba chenye popo. Watumishi wana mikopo ya benki, wahitimu wana mikopo ya elimu ya juu, wafanyabiashara wana mali kauli, na nusu ya mtaa ina salio la simu linalodaiwa. Cha kutazama ni deni la nini, linalipwaje, na kodi yako itakuwa ya ngapi kwenye foleni.

Faili lipo, lakini si lako

Tanzania ina utaratibu rasmi wa kumbukumbu za mikopo. Benki Kuu iliutungia kanuni mwaka 2012, na kampuni mbili, Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, zikapewa leseni ya kukusanya na kutunza taarifa hizo. Mabenki na taasisi za fedha hupeleka huko habari za wakopaji wao: nani kakopa, kiasi gani, amechelewa siku ngapi, amemaliza au ametoroka.

Mwenye nyumba hawezi kuingia tu akataja jina la mtu na kusomewa faili lake. Taarifa hizo zina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeweza kuziomba na kuzionyesha. Kwa hiyo muombe mpangaji: "Kama huoni tabu, niletee taarifa yako ya mikopo." Anayekubali amekwishakuonyesha jambo. Anayekataa huenda ana sababu zake. Usimhukumu kwa hilo peke yake. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haipendi nakala za vitambulisho vya watu zizagae. Nakala ya kitambulisho cha taifa cha mpangaji haitumwi kwenye kundi la WhatsApp la madalali.

Ukishapewa karatasi hiyo, isome kama mtu mzima. Mkopo wa simu wa Sh15,000 uliochelewa miaka miwili iliyopita ukalipwa, huo si habari. Mkopo mkubwa wa pikipiki uliokwama mwezi mmoja kisha ukaendelea, muulize. Pengine alipata ajali. Cha kukushtua ni mikopo mingi iliyofunguliwa ndani ya miezi michache, mmoja ukifuata mwingine, kwa sababu hapo mtu anakopa kwa huyu ili amlipe yule. Huyo hata akikupa kodi ya miezi sita leo, uliza imetoka wapi.

Wakenya wamekwishapita njia hii. Huko mikopo ya simu ilienea upesi, na majina ya watu yakaingizwa kwenye orodha ya wasiolipa kwa vijisenti. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikapiga marufuku kumwingiza mtu kwenye orodha hiyo kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000 za Kenya. Mwaka 2022 Rais William Ruto akatangaza mpango wa kuwaondoa mamilioni kwenye orodha. Orodha inayobeba mamilioni ya watu haiwezi kumwambia mwenye nyumba wa Mombasa nani mwongo na nani aliyepungukiwa na vocha.

Kisichoandikwa kwenye faili

Ubaya wa faili ni kwamba haliandiki kilicho muhimu zaidi kwako. Halisemi kama mtu huyu aliwahi kulala na kodi ya watu. Halijui mali kauli ya dukani. Halijui mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu, ambayo wakusanyaji wake hupita kila wiki na wasipolipwa hubeba televisheni na godoro. Wala halijui sehemu kubwa ya mikopo ya kwenye simu inayotolewa na watu wasio na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Halijui mazuri pia. Dereva wa bodaboda aliye kwenye mkataba hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku mpaka chombo kiwe chake. Kama amepeleka hesabu kwa miezi kumi bila kukosa, huyo ana nidhamu ya ulipaji ambayo hakuna benki iliyoiandika. Mpigie mwenye pikipiki. Mwanamke anayecheza mchezo sokoni, anayetoa fungu lake kila Ijumaa hata akiwa amekwishapokea zamu yake, naye ana cheti chake, na anayekitunza ni kijumbe wa mchezo huo. Mtu anayelipa baada ya kupokea ndiye unayemtafuta, kwa kuwa mpangaji naye hutakiwa kuendelea kulipa akiwa amekwishapata chumba.

Kuna na wale wasio na faili kabisa. Katika mji wa Waislamu wengi kama Tanga, wapo wanaoikwepa benki kwa kuiogopa riba. Ukiwatafuta kwenye kumbukumbu za mikopo hutawaona, na kutokuonekana kwao si doa. Wengi wao ndio wenye mkono mwepesi wa kulipa.

Mtumishi wa umma anahitaji macho ya namna nyingine. Faili lake mara nyingi ni safi, maana mkopo unakatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia. Lakini omba kuona hati ya mshahara. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, kama anadaiwa nayo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, benki inachukua yake, Saccos yake. Sheria inataka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na wapo walioishia hapohapo kwenye theluthi. Mwalimu mwenye faili safi na mfuko mtupu anaweza kukusumbua kuliko mchuuzi wa samaki mwenye deni la simu na fedha mkononi kila asubuhi.

Fedha ya pwani ina majira yake

Mwenye nyumba mgeni wa pwani hukosea hapa. Anaweka tarehe moja ya kodi kwa wapangaji wote, halafu anashangaa wengine wakilipa wengine wakijificha.

Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na nyavu hukaa nchi kavu. Kwa hiyo ana wiki za kushika fedha na wiki za kukopa chumvi. Ukimwekea tarehe ya kodi kwenye mbalamwezi umemtega. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, na baadhi ya wavuvi huenda dago, wakapiga kambi mbali kwa wiki au miezi. Mpangaji wa Sahare au Mnyanjani akikwambia anakwenda dago, usimwite mtoro. Mwulize nani atalipa akiwa hayupo, na namba ya huyo uandike.

Kibarua wa bandarini hufuata meli. Mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza hufuata msimu. Mkulima wa mwani wa Mkinga au Pangani hufuata bamvua na bei ya mnunuzi. Mfanyakazi wa mradi mkubwa ana mshahara mzuri, ila mkataba wake una siku ya mwisho. Hiyo ndiyo tarehe ya kuiuliza kabla ya kuuliza mshahara. Wengi wamempangisha fundi wa mradi kwa furaha, mradi ukaisha, na fundi akabaki akitafuta kazi nyingine kwa miezi huku kodi ikilimbikizana.

Muulize mtu fedha yake huingia lini, kisha panga tarehe ya kodi siku mbili baada ya hapo. Jambo hilo dogo huondoa nusu ya ugomvi.

Kodi ya mwaka haikulindi

Tuje kwenye kinga inayopendwa. Chukua chumba na sebule cha Sh60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni Sh360,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, Sh60,000. Amana ya uharibifu, Sh60,000 nyingine. Jumla Sh480,000 kabla mtu hajanunua hata ndoo. Mpangaji anayebakiza Sh8,000 kwa siku baada ya chakula na nauli atahitaji siku 60 za kuzikusanya bila mtoto kuugua wala msiba kutokea. Hana siku 60; anatakiwa kuhama mwisho wa mwezi. Basi anakopa. Na anayekopesha Sh300,000 kwa siku moja bila dhamana ni kausha damu.

Matokeo yake, mpangaji anaingia kwako akiwa ametimiza masharti yote, na siku hiyohiyo ameanza kulipa rejesho la kila wiki kwa mtu mkali kuliko wewe. Miezi sita ya kwanza hutaona kitu, kwa kuwa umekwishalipwa. Mwezi wa saba unakwenda kudai, naye hana. Mwenye nyumba husema ametapeliwa. Ukweli ni kwamba deni hilo amesaidia kulitengeneza yeye mwenyewe, kwa sharti alilodhani linamwepusha na wadaiwa.

Fedha za mbele pia zinalaza macho. Anayelipwa kila mwezi hugundua matatizo ndani ya siku thelathini, deni likiwa la mwezi mmoja. Aliyelipwa mwaka hugundua baada ya mwaka.

Uingereza, ambako wenye nyumba wengi hukagua historia ya mikopo ya mwombaji, sheria ya mwaka 2019 iliweka kikomo cha amana kuwa kodi ya wiki tano kwa nyumba nyingi za England. Marekani ilishatunga sheria ya taarifa za mikopo mwaka 1970, na huko Mswahili aliyehamia jana hukataliwa nyumba kwa kukosa historia yoyote, mpaka apate mdhamini. Kwetu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na malipo ya mbele yamebaki kuwa makubaliano ya watu wawili, ambao mmoja wao ana haraka ya pa kulala.

Haki ya mwenye nyumba nayo ipo. Amejenga kwa mkopo, rejesho linamsubiri, na anastahili kinga. Lakini kwa mpangaji mwenye madeni kinga iliyo bora ni kumfupishia muda wa kulipa. Mpe miezi miwili au mitatu ya kuanzia, kisha mwezi kwa mwezi. Kwa mwenye kipato cha kila siku, kubali hata malipo ya wiki kwa simu. Sh15,000 kila Jumamosi ni rahisi kutoka mfukoni kuliko Sh60,000 ya mara moja, na Jumamosi mbili zikipita kimya unajua mapema kwamba pana jambo. Hapo ndipo umeyarudisha macho ya yule mwenye nyumba wa Ngamiani.

Wa kumuuliza si yule aliye naye sasa

Barua ya mwenyekiti wa mtaa alikotoka ni ya lazima, pamoja na kitambulisho cha taifa na namba za ndugu wawili wasioishi pamoja naye. Baada ya hapo, mtafute mwenye nyumba wake wa zamani. Si huyu wa sasa. Mwenye nyumba anayetamani mpangaji msumbufu amtoke atamsifia kwako mpaka mate yamkauke. Mtafute aliyekuwa kabla yake, ambaye hana cha kupata wala kupoteza, na umuulize maswali mawili tu: alipochelewa, alikuja kusema au ulimfuata? Na alipoondoka, aliondoka mchana?

Kisha muulize mpangaji mwenyewe kuhusu deni lake, uso kwa uso, bila kumdhalilisha. Anayesema, "Nilikopa kwa ugonjwa wa mama, imebaki laki moja na ishirini, nalipa kila Ijumaa," amekupa hesabu unayoweza kuihakiki. Anayesema "hayo yameisha" halafu simu yake inaita mara tano na hapokei, amejibu pia.

Yapo maswali yasiyopima kitu. Kabila la mtu halilipi kodi, wala dini yake. Mwanamke asiye na mume hukataliwa vyumba kila siku katika miji yetu, ilhali ukiwauliza wenye nyumba wa muda mrefu, wengi watakwambia mama lishe mwenye watoto watatu ndiye aliyekaa miaka minane na hajawahi kuamshwa kwa kodi. Ana sababu ya kukitunza chumba: hataki kuhamisha watoto shule.

Kama bado una shaka, dai mdhamini badala ya fedha zaidi. Awe mtu mwenye kazi au biashara inayojulikana, atie saini kwenye mkataba huohuo, na aelezwe kiasi cha juu anachoweza kudaiwa. Mpangaji ambaye mjomba wake amesimama nyuma yake huogopa aibu ya ukoo kuliko baraza lolote la ardhi.

Andikeni

Tanga imejaa madrasa, na kila aliyekaa mkekani anajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo kwenye Sura ya Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba vyumba vingi hupangishwa kwa neno la mdomo na risiti iliyochanwa kwenye daftari la mtoto.

Mkataba mzuri hauhitaji kurasa kumi. Uandike majina kamili, kiasi, tarehe ya kulipa, muda, amana na sharti la kuirudisha, idadi ya watu watakaoishi, nani analipa maji, na nini kitafanyika malipo yakichelewa. Taja kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU na sasa ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, anayepaswa kubeba kodi hiyo ni mwenye nyumba, basi kubalianeni mtakavyorejesheana. Taja pia kodi ya zuio ya asilimia 10 iliyozua mjadala mkubwa mwaka 2023: ni kodi ya kipato cha mwenye nyumba, ingawa mjadala ulikuwa juu ya mpangaji kuizuia na kuiwasilisha TRA. Kisha lipieni ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka. Wengi huuruka wakidhani wanaokoa. Siku ya kesi, mkataba usiolipiwa stempu haupokewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe.

Malipo yapite kwenye simu au benki, si mkononi. Yatakulinda wewe, na yatamjengea mpangaji kumbukumbu ambayo kesho atamwonyesha mwenye nyumba mwingine.

Akishindwa kulipa

Hata ukipima vizuri, yupo atakayekwama. Usimvizie amekwenda kazini ukapiga kufuli, wala usiezue bati au kung'oa mlango. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamhakikishia mpangaji kukaa kwa utulivu katika muda wa mkataba wake, na mwenye nyumba anayejichukulia hatua anaweza kwenda barazani kama mdai akarudi nyumbani kama mdaiwa.

Mwandikie notisi, ubaki na nakala yenye saini ya kuipokea. Mkae mbele ya mwenyekiti wa mtaa mpange ratiba ya kulipa. Ikishindikana, lifikisheni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi hukumu tena. Linasuluhisha, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Usuluhishi ukikwama ndipo mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unafunguka. Njia hiyo ina gharama na inachosha, na ndiyo sababu usuluhishi mwingi unaofaa humalizikia ofisi ya mtaa, kwa mpangaji kukubali kuhama na kulipa sehemu ya deni kidogo kidogo.

Kwa mpangaji anayesoma haya akiwa na madeni yake: usisubiri kufumaniwa. Omba taarifa yako ya mikopo mapema, tunza ujumbe wa kila malipo ya kodi, na ukichelewa mwambie mwenye nyumba kabla ya tarehe, si baada yake. Kwa mwenye nyumba mpya: acha kudai mwaka mzima kwa mtu unayejua anaishi kwa fedha ya siku. Mpe mkataba wenye stempu, tarehe inayofuata kipato chake na malipo ya muda mfupi, kisha umfuatilie. Na serikali za mitaa, ambazo tayari huandika barua za utambulisho kwa kila anayehama, zinaweza kuongeza mstari mmoja tu katika barua hiyo: kama aliondoka akiwa anadaiwa kodi au hadaiwi.